Mkoba wa Mpima Ardhi

Nilianza na maji, kwa sababu mtu akianza na maji hana haja ya kufikiri. Chupa mbili za lita moja na nusu, moja yangu na moja ya dada yangu Mize, ambaye alikuwa bado hajafika. Waraka wa Ofisi ndio uliosema hivyo. Ulikuwa umebandikwa kwenye kila mlango wa Mji wa Juu tangu juzi, na wa kwangu nilikuwa nimeubandua nikauweka jikoni, karibu na bomba. Kila mtembezi wa Njia ya Pwani achukue maji ya kumtosha mchana mmoja, kofia, viatu vya kufunga kwa kamba na chakula kisichonuka. Asichukue chochote chenye makali, chochote chenye maandishi, chochote kinachoota wala chochote kinachofukizwa au kunyunyizwa. Chini kabisa, kwa herufi nene, waraka uliwaomba watembezi wasiache alama yoyote njiani. Niliusoma mstari huo, chupa ikajaa ikamwagika, nikausoma tena. Nilitaka kumuuliza aliyeuandika: alama gani tena, bwana, mliyotubakishia tukaiache?

Jina langu ni Machano. Naliandika hapa kwa sababu ziko siku silisadiki. Nilizaliwa Rasini, kijiji kilichokuwa kule chini, pale nchi inapochomoza baharini, na kazi yangu kabla ya uzio ilikuwa kupima ardhi. Kisha Ofisi ikaja. Sijawahi kumwona mtu anayeitwa Ofisi. Niliona mashati yake, kalamu zake na malori yake. Ilitaka ufuko wote uwe njia ya matembezi ya wageni, maili saba za mandhari, na watu wa Rasini hawakuwa mandhari. Tulipakiwa kwenye malori tukaletwa huku juu, ambako bahari haisikiki hata upepo ukivuma kutoka kwake. Kule chini ukajengwa uzio. Mara moja kwa mwaka hufunguliwa kwa ajili yetu, kutwa moja tu, na kutwa hiyo huitwa Siku ya Ruhusa.

Na miaka yetu nayo ilihamishwa. Ofisi ilipotuandikisha upya katika daftari lake, ilianza kuhesabu umri wa kila mtu tangu siku aliyoshuka lorini. Ilisemekana ni kurahisisha kazi. Kwa hiyo mimi niliyeshuka na mvi kidevuni nina miaka kumi na tisa, na dada yangu aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba ana kumi na tisa, na bibi wa nyumba ya pili anayetembelea magongo ana kumi na tisa. Mji mzima wa vijana. Mwanzoni tulicheka. Lakini jambo likirudiwa kila mwezi kwenye foleni ya karatasi huacha kuchekesha, na iko asubuhi mtu huamka akajaribu kuikumbuka sura ya baba yake, akajikuta anajiuliza kama ni halali kumkumbuka mtu aliyekufa kabla yeye hajaanza.

"Hodi."

"Karibu, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala kidogo."

Mize aliingia na kikapu chake cha ukili, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kusubiri kuambiwa. Alikuwa amevaa viatu vya raba vya marehemu mumewe, amevijaza vitambaa mbele ili visimvuke miguuni, na amefunga kamba zake mafundo mawili mawili. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba. Nililiona hata kupitia kanga. Mara kumi na nane Siku ya Ruhusa ilikuja ikapita, na mara zote kumi na nane alikwenda bila mimi. Mimi hufunga mlango siku hiyo nikapanga vitu ambavyo vimekwishapangwa. Mwaka huu alinitumia maneno kupitia kwa jirani: safari hii utanisindikiza. Hakuuliza kama nitaweza.

Niliuangua mkoba wangu wa kazi kutoka kwenye msumari. Ni wa turubai, mzito hata ukiwa mtupu, una mifuko ya kila ukubwa. Niliufuta vumbi, nikaweka chupa, plasta, dawa ya kuchua ya goti lake, mihogo niliyoichemsha bila kitunguu ili isinuke. Yeye akaanza kutoa vya kwake kikapuni na kuvipanga mezani, kimoja kimoja, kama mtu anayemwandalia mgeni chakula. Kisu cha kufyekea, kilichonolewa. Ubani ndani ya karatasi. Kitabu kidogo cha Yasini, jalada lake limelainika kwa mikono. Mche wa mrehani kwenye kopo la maziwa, udongo wake bado una maji. Na chupa ndogo ya marashi ya waridi.

"Dada, waraka unasema..."

"Naujua unavyosema."

Basi nikaanza kutoa. Kisu nilikiweka juu ya kabati. Ubani niliurudisha kikapuni mwake. Kitabu nilikibusu kabla ya kukiweka rafuni, na yeye akaniangalia nikikibusu. Mrehani, aliokuwa amerudi kuushika, niliutoa mkononi mwake nikauweka dirishani. Hakuna aliyenituma. Lango lilikuwa maili tatu kutoka pale na karani wake pengine alikuwa bado anakunywa chai, na mimi nilikuwa nimekwisha kumfanyia kazi yake nyumbani kwangu, bure, kwa mikono iliyotulia. Nimefikiri sana juu ya mamlaka katika maisha yangu, namna yanavyokaa mbali na bado yanashika vitu vilivyo mezani kwako, na sijapata jibu zuri kuliko picha ile: mzee anamwondolea dada yake mrehani mkononi, na dada yake anauachia.

Yalipobaki marashi, akaweka kiganja juu ya chupa.

"Haya hapana."

"Watayanusa."

"Nimiminie kwenye chupa ya maji. Nusu kwa nusu. Nitasema ni maji."

Nikammiminia. Jikoni pote pakanuka maziko.

Alisubiri nikaze kifuniko, halafu akasema kwa sauti ile ile aliyosemea juu ya marashi, "Nataka unipeleke kwa mama. Nimetembea njia ile miaka yote hii na sijui nimempita wapi. Wamesawazisha, wamepanda majani, wameweka mabenchi. Wote tunatembea tunatazama chini kama tuliodondosha sindano. Hakuna anayejua makaburi yalikuwa wapi ila wewe."

"Mimi nitajuaje?"

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeyafuta."

Ningependa kuandika kwamba nilitetemeka. Sikutetemeka. Nilifunga mfuko wa pembeni wa mkoba, nikaufungua, nikaufunga.

Lilikuwa jambo dogo, kama yalivyo yote ya aina hiyo. Makaburi ya Rasini yalikuwa arobaini na moja, ya mawe ya matumbawe yasiyo na maandishi, kwa kuwa sisi tulijua nani amelala wapi na hatukuona haja ya kuliambia jiwe. Sheria ya Ofisi yenyewe ilisema palipo na makaburi njia izunguke. Kuzunguka kungekula bustani iliyokwisha kuchorwa. Akaja bwana mmoja mpole wa Ofisi, akanunua machungwa mawili njiani, tukala pamoja tumeketi juu ya bikoni, yale mawe ya saruji ya mpaka. Akaniuliza, Kipande cha Kumi na Saba pana nini? Nikamwambia, pana mawe. Akasema, basi andika unachokiona. Nikaandika: mawe. Herufi nne. Sikuandika uongo, hilo ndilo lililonikalia kooni miaka yote. Mawe yalikuwapo. Kaburi ni nini likiondolewa yule anayesema hili ni kaburi? Nilidhani swali hilo ni la watu wenye vitabu, kumbe ni la mtu yeyote mwenye kalamu na chungwa.

"Tangu lini unajua?" nikamuuliza.

"Tangu ulipopewa nyumba yenye bomba ndani na sisi wengine tukapewa kisima." Akalitazama bomba. "Halafu maji yake yana chumvi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Na ningebaki na ndugu gani?" Akajikongoja akasimama, akajaribu goti. "Unapakumbuka au hupakumbuki?"

"Hatua mia mbili na kumi na mbili kutoka bikoni ya rasi, ukielekea kusini."

"Basi funga mkoba."

Tulifika langoni saa mbili. Watu wa kijiji wapata thelathini walikuwa wamekwisha kujipanga, kila mmoja na mzigo wake mdogo, wamenyamaza kama watu walio kwenye chumba cha daktari. Karani wa lango alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, adabu tele. Alituamkia wote shikamoo, ingawa kwa daftari lake sisi tulikuwa wadogo zake.

"Bi Mize. Umri kumi na tisa. Dhumuni la matembezi?"

"Kumzuru mama yangu."

Akafunua daftari, akafuata mstari kwa kidole. "Mama alifariki lini?"

"Miaka sita kabla ya malori."

"Basi itakuwa si mama yako, bibi," alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha kwamba umevaa nguo kinyume. "Alifariki kabla hujazaliwa. Niandike mandhari?"

"Andika unachokiona," Mize akasema.

Nilitazama viatu vyangu. Karani akaandika mandhari, akaupokea mkoba wetu, akatoa kitu kimoja kimoja, akakirudisha kimoja kimoja. Ilipofika zamu ya chupa ya Mize, aliinyanyua kwenye mwanga, akafungua kifuniko, akaileta puani.

"Hiki nini?"

"Maji."

"Yananukia."

"Tumbo langu halipendi maji matupu."

"Basi kunywa kidogo, bibi, tuendelee. Ni utaratibu tu."

Dada yangu alinyanyua chupa akanywa marashi. Hakunywa kidogo. Alikunywa mafunda matatu makubwa, macho yake yakiwa kwenye uso wa karani, koo lake la kizee likipanda na kushuka, hadi karani ndiye aliyegeuza macho. Karani mwenyewe akamfungia kifuniko. Tulipokwisha kuvuka, Mize alisimama kando ya uzio, akainama akashika magoti, nikadhani atatapika. Alikuwa anacheka, au ilionekana kama anacheka. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu na pumzi yake ilinukia kama pumzi ya maiti aliyetayarishwa vizuri.

Sitaisifu ile njia, ingawa ni nzuri. Niliipima mimi. Imetandazwa vigae vya matumbawe, ina uzio mfupi wa kamba upande wa bahari, na kila baada ya hatua mia pana benchi na kibao kinachomwambia mgeni atazame wapi. Wageni walitupita na mikoba yao mepesi wakatusalimu kwa kichwa. Tulitembea polepole kwa ajili ya goti. Kwenye kila benchi tulikaa, nikamchua, tukala muhogo, tukainuka. Nilipopita mahali palipokuwa nyumba ya mjomba nilisoma kibao: Mandhari ya Tatu. Nilipopita kisima cha msikiti, Mandhari ya Nne. Kwa dakika kadhaa sikuwa na hakika ni lini natembea. Jua lilikuwa lile lile, harufu ya mwani ile ile, na nilijiona nina umri wa miaka kumi na tisa kweli, nimetumwa dukani, na nyuma yangu anakuja dada ambaye atanigombeza kwa kukawia. Kisha goti lake likalia, nikageuka, nikamwona alivyo.

Kwenye bikoni ya rasi nikamwomba akae. Benchi lilikuwa karibu, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

"Nihesabu kwanza, nikiwa na hakika nitakuita."

"Usipotee," akasema.

Nikahesabu. Mwili wa mpima ardhi hausahau hatua yake. Nilizeeka uso na meno, hatua ikabaki sentimita sabini na tano. Hatua ya mia nilivuka kidaraja. Hatua ya mia na hamsini nikaingia bustanini. Hatua ya mia mbili nikasimama, kwa sababu mbele yangu palikuwa na ukuta, nami nilikuwa bado na hatua kumi na mbili. Nilisoma kibao mara mbili ingawa kulikuwa na picha. Choo cha wageni. Kilijengwa vizuri, vigae vyeupe, vyungu vya maua pande zote za mlango. Nilizunguka nikaingia upande wa wanaume. Nikamalizia hatua zangu ndani, juu ya sakafu iliyolowa, hadi nikafika. Hatua ya mia mbili na kumi na mbili ilikuwa mbele ya sinki. Mgeni mmoja alikuwa ananawa mikono. Alisogea pembeni anipishe, akidhani nangoja.

Nilikaa pale muda gani sijui. Nilimpima mama yangu mara mbili katika maisha yangu, mara ya kwanza nikamwita jiwe, na sasa nilisimama juu yake nikiusikiliza mfereji. Nilisema jina lake kwa sauti ndogo. Halikubadilisha kitu.

Nilipotoka nilipita bustani yote kwa macho. Hatua kama arobaini mbele palikuwa na kiwanja cha majani kisicho na benchi wala kibao, kimeinama kidogo kuelekea baharini, na mti mmoja wa mkungu umekitilia kivuli pembeni. Palikuwa pazuri. Palikuwa patupu, na mimi ndiye niliyekuwa na hatua zinazoaminika kuliko za mtu yeyote wa Rasini. Nikatembea hadi katikati yake, nikainua mkono, nikamwita dada yangu.

Alikuja akiburuta mguu. "Hapa?"

"Hapa."

"Kichwa kiko wapi?"

"Huku." Nikamwonyesha. Nilimwonyesha hata urefu.

Mize akapiga magoti kwa lile goti, akanyoosha viganja vyake juu ya majani kama anayepapasa joto la mtoto aliye na homa. Akanyunyiza marashi yaliyobaki, akayamaliza yote, akatikisa chupa. Kisha akasoma Yasini kwa moyo, kitabu kikiwa rafuni kwangu, na hakukosea hata mahali pamoja. Mimi nilisimama nyuma yake nimeinamisha kichwa. Niliona uchungu mwingi, na ndani ya uchungu niliona kitu kingine ambacho naona aibu kukitaja: nilijiona nina nguvu. Miaka kumi na tisa iliyopita neno langu moja liliondoa kaburi. Leo neno langu moja liliweka kaburi. Mara zote mbili niliaminiwa.

Sikuwaona wengine wakija. Nilipoinua uso, Mzee Pandu, aliyekuwa muadhini wetu, alikuwa amesimama kwenye ukingo wa majani ameshika kofia yake.

"Machano. Huyo ni mama yenu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi baba yangu atakuwa upande wa kuume kwake. Walikuwa wamepakana."

Mize hakugeuka. Nilikumbuka, kwa kuwa nilikuwa nimewapima: hatua mbili na nusu kati ya kaburi na kaburi, safu ya kwanza ya mbele, baba yake Pandu wa tatu kutoka mwisho. Nikapiga hatua mbili na nusu.

"Hapa, mzee."

Akakaa chini kama mtu aliyetua gunia. Baada yake akaja mwingine, na mwingine, na hakuna aliyesukumana. Walitaja jina, nikaupiga mstari kichwani, nikahesabu, nikaonyesha kwa kidole. Niliyapanga yote kama yalivyokuwa, nani kando ya nani, nani miguuni pa nani, hata lile kaburi moja lililopinda kidogo nililipinda. Hakukuwa na kosa hata moja katika kiwanja kile isipokuwa kiwanja chenyewe. Wageni walipita njiani, wakapunguza mwendo. Mama mmoja wa kigeni, mwenye kofia pana, aliuliza kwa adabu tunafanya nini.

"Tunapumzika," Mize akamjibu.

Yule mama akatutakia mapumziko mema.

Alipokwenda, dada yangu akanishika suruali kutoka pale alipoketi, akanivuta nichutame karibu naye. Aliongea bila kunitazama, mkono wake ukiwa bado juu ya majani.

"Mama hakuwa na kivuli, Machano. Tulilalamika mwaka mzima kwamba hana kivuli. Yuko wapi kweli?"

"Chini ya choo."

"Kile cha vigae?"

"Kile."

Hakulia. Aliutazama ule mlango wenye vyungu vya maua, mgeni mmoja akiingia, mwingine akitoka anakung'uta maji mikononi. Uso wake ulikuwa mgumu na wa manjano. Nilitegemea anitemee mate, na nadhani ningeshukuru.

"Usiwaambie," akasema.

"Dada..."

"Nimesema usiwaambie. Wewe endelea kupima."

Nikasimama, nikaendelea kupima. Kufikia saa nane safu mbili zilikuwa zimejaa watu waliokaa, kila mmoja na wake, wengine wakisoma, wengine wakizungumza kwa sauti ya chini na majani, wakiyapa habari za arusi na za watoto waliohama. Ilibaki sauti moja nyuma yangu.

Bi Kazija alikuwa ameketi pembeni tangu mwanzo, chini ya mkungu, mkoba wake mapajani. Nilikuwa nimemwona nikajifanya sikumwona. Kila mtu wa Rasini alijua habari yake. Siku ya malori, binti yake Sanura alipanda lori la pili kwa sababu la kwanza lilikuwa limejaa. La kwanza lilifika. La tatu lilifika. Ofisi ilisema kwamba daftari lina malori mawili.

"Na mimi nipatie," akasema.

"Bi Kazija, mama yako nimekwisha kuwaonyesha wanao wengine mahali pake, yuko kule safu ya pili..."

"Mama nimemwona. Nasema Sanura."

Watu waliokuwa karibu wakageuza nyuso. Nilihisi macho ya Mize mgongoni.

"Sanura hakuzikwa Rasini," nikasema, kwa upole niliokuwa nao.

"Hakuzikwa popote. Ndiyo maana nakuomba."

Katika yale makaburi arobaini na moja nafasi yake haikuwapo. Niliyafahamu kama vidole vyangu. Hakukuwa na pengo, safu zote mbili zimejaa hadi ukingoni, na zaidi ya ukingo ni vigae vya njia. Nikamwambia ukweli huo. Nilikuwa na ukweli mdogo sana siku ile, nikampa huo. Akatikisa kichwa kwa kuelewa, lakini hakuondoka.

"Alikuwa akimpenda nani?" nikamuuliza mwishowe.

"Bibi yake. Alikuwa akilala naye."

"Basi angekaa baina ya bibi yake na yule wa kando." Nikatazama safu. "Lakini pameshikana."

Nilisema hivyo nikidhani nimemaliza. Mtu hawezi kuingiza kaburi kati ya makaburi mawili yaliyokwisha kuwapo. Hilo analijua hata mtoto, na walilijua wote waliokaa pale. Bi Kazija akasimama tu, mkono kwenye kamba ya mkoba wake. Bahari ilikuwa imejaa na maji yalipiga ukutani chini yetu.

Mzee Pandu ndiye aliyeinuka kwanza. Alichukua kofia yake, akamwomba radhi baba yake kwa sauti tuliyoisikia sote, akasogea hatua mbili na nusu kuelekea mkungu, akakaa tena. Aliyekuwa kando yake akainuka, akasogea, akakaa. Kisha yule wa tatu, kisha wa nne, kisha wale wa nyuma, kila mmoja akikusanya chupa yake na kitambaa chake bila haraka na bila kumtazama mwenzake, mpaka safu zote mbili zilipokuwa zimehama na kando ya bibi yake Sanura pamebaki majani matupu. Dada yangu alikuwa wa mwisho. Goti lilimkatalia, ilibidi nimwinue kwa kwapa na kumshusha upya.

Hakuna aliyeniuliza chochote.

"Alikuwa na urefu gani?" nikamwuliza Bi Kazija.

Akaweka mkono juu ya bega lake mwenyewe, akaupandisha kidogo hadi kwenye sikio, akafikiri, akaushusha tena kwa unene wa kidole kimoja. Nikachutama nikapima.